Ndege Aliyoikataa Papa Yako

Masika mwanangu,

Uko kwa Mama Furaha unasukwa nywele, na mikono yake naijua, haina haraka. Papa yako ameenda Hombo kuchukua mawese. Nyumba imetulia, kwa hiyo nimefunga duka mapema nimekaa kukuandikia. Kesho pikipiki ikija kukuchukua kwa safari ya Kisangani nitakuwa mtu wa machozi tu, na haya ninayotaka kukuambia hayatatoka.

Sitakuandikia habari ya shuka wala chandarua. Wewe ni rubani sasa, mjomba wako wa Butembo aliuza lori lake ili usome, shuka utazipata mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la jana mezani.

Ulitoa kontra, ule mkataba wa kampuni, ukatusomea. Nilikuwa nafurahia sauti yako mpaka ulipofika pale wanaposema kwamba wewe si mfanyakazi wao, ni mtu wa kujitegemea, utalipwa kwa kila safari, na hutajiunga na sendika yoyote, yaani chama chochote cha wafanyakazi. Papa yako akaweka kijiko chini. Akakuambia, "Pale usitie sahihi haraka." Wewe ukacheka kidogo: "Papa, na weye sendika ilikupa nini?"

Akainuka akatoka nje. Ulidhani umemkasirisha. Hapana, Masika. Hakuwa na jibu fupi. Mimi pia sina, lakini nina hasira ya miaka, na leo nitaitumia. Usiogope, si hasira juu yako. Mambo hayo yalipotokea ulikuwa Butembo kwa nyanya yako, shuleni, na ulipokuja likizo tulikuambia tu kwamba papa ameacha kuruka. Hakuacha. Aliachishwa.

Papa yako alipoanza kazi, walikuwa wanasema anga imefunguliwa: kila mwenye ndege afanye biashara, bei zitashuka, wote tutafaidi. Bei zilishuka kweli, na mimi muuza duka nilifaidi. Chumvi na sabuni zilikuja kutoka Goma kwa ndege wakati malori yalikuwa yanalala kwenye matope wiki nzima. Lakini wenye makampuni walipunguza bei wapi? Si kwenye mafuta ya ndege, hayo hayabembelezwi. Walipunguza kwa mtu. Marubani wakaondolewa kwenye mishahara wakawekwa kwenye rotasion: ukienda na kurudi unalipwa, usiporuka hulipwi. Mvua ikinyesha hulipwi. Ukiugua hulipwi. Na nyuma yako kuna marubani wengine wasio na kazi wanangojea uugue.

Waliita huo uhuru. Mimi niliona wanaume wazima wenye leseni wakingojea simu ya patron, mwenye kampuni, kama vibarua wanavyongojea pale sokoni.

Papa yako wakati ule alikuwa anarusha ndege ndogo ya rubani mmoja, ya mizigo, Goma na Kilambo. Kilambo unapajua: pisti yenyewe ni barabara ya lami. Askari wanazuia pikipiki, ndege inatua, pikipiki zinaachiliwa. Inaleta bidhaa za duka, inarudi na kasiteriti, yale mawe mazito ya bati. Sisi wafanyabiashara tulikuwa tunalipia nafasi iliyobaki ili mizigo yetu iende Goma.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa pale na madumu yangu ya mawese, pamoja na wenzangu. Wapakiaji walikuwa wanaingiza mifuko ya kasiteriti, ile mifuko midogo ambayo macho yanaidharau na mgongo unaiheshimu. Papa yako akazunguka ndege. Akainama akatazama magurudumu. Akamwita mkubwa wa mizigo.

"Mutoe mifuko. Ndege iko nzito, inakaa nyuma, na lami iko na maji."

"Komanda, patron amesema yote iende leo."

"Basi patron akuje airushe."

Kelele zikaanza, na hazikutoka kwa watu wa kampuni, zilitoka kwetu. Tulikuwa tumelipa. Mtu mmoja akamwita mwoga. Mimi nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Papa Masika, unatufanyia hivi mbele ya batu?"

Akanijibu, tena kwa sauti, "Mama Masika, ni mbele ya batu njo nasema. Hii ndege hairuki."

Akachukua mfuko wake, akapanda pikipiki kurudi Walikale. Nilimfuata jioni, nikiwa nimenuna. Kilambo hakukuwa na reso, simu ilikuwa kipande cha plastiki tu. Mkubwa wa mizigo alituma habari Goma kwa redio ya kampuni. Papa yako alifika nyumbani amelowa, akalala bila kula, akidhani patron atatuma mtu kesho kupunguza mzigo.

Patron alituma mtu. Alimtuma Komanda Faustin.

Faustin hukumjua, na nasikitika. Alikuwa mtoto wa Burungu, kule Masisi, familia ya wakulima wa maharagi. Alikuwa anakula sombe yangu akisifu kabla hajaonja. Asubuhi ile alishushwa Kilambo na ndege ya kampuni nyingine. Patron alikuwa amemwambia nini juu ya papa yako? "Kambale iko na malaria. Uende urudishe ndege." Basi. Hakumwambia kwamba ndege imekataliwa, wala kwa nini. Mkubwa wa mizigo alinyamaza ili asipoteze kazi. Wafanyabiashara waliokuwepo walinyamaza, wengine wakidhani anajua, wengine wakitaka mzigo uende. Madumu yangu yalikuwa ndani.

Faustin aliitazama mvua, ilikuwa imekatika. Alimwamini mwenzake aliyeileta ndege ile jana yake. Akaruka.

Watu wa Ntoto ndio waliosikia. Walikuwa mashambani. Ndege ilipita chini mno, ikaingia kwenye wingu, ikapiga mlima. Wakulima wale waliacha majembe, wakapanda msituni, wakawatoa Faustin na mpakiaji aliyepanda naye, wote wamekwisha kufa, wakawabeba kwa machela ya miti hadi barabarani. Hakuna aliyewatuma.

Habari ilitufikia Walikale mchana. Papa yako alikuwa anatengeneza mlango wa depo, stoo ya duka letu. Aliuliza, "Ndege gani?" Walipomwambia, akauliza tena, "Ndege gani?" Mara ya tatu nikamshika mkono.

Tulienda mazishini Burungu. Mama Neema, mke wa Faustin, alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto wake, akimwangalia kila anayeingia kama anayetafuta mtu. Na hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na sendika.

Sendika ilikuja kwa gari, imevaa suti. Mjumbe kutoka Kinshasa, na shada la maua ya plastiki lenye utepe. Alitoa hotuba nzuri. Alikula. Alipokuwa ananawa mikono papa yako akamfuata, na mimi nyuma yake.

"Mukubwa, ripoti ikitoka, mutasimama na Faustin?"

"Komanda, weye unajua vile mambo iko. Faustin alikuwa wa rotasion. Sisi tunatetea wafanyakazi wenye kontra ya kudumu."

"Lakini muchango wake mulikuwa munapokea."

"Ule ulikuwa muchango wa hiari."

Masika, nimeuza duka miaka mingi, nimeshaibiwa na watu wa kila namna. Sijawahi kuibiwa kwa maneno laini kama yale. Makampuni makubwa mawili au matatu ya kule yalikuwa na marubani wa kudumu, na sendika ile ilikuwa yao, na labda kwao ilifanya kazi. Kwetu huku ilikuwa inakusanya tu. Mtu wa rotasion alikuwa mwanachama siku ya kuchanga, na mgeni siku ya kufa.

Ripoti ilitoka baadaye. Tume ya kuchunguza ajali ilikaa Goma, hotelini. Ntoto hawakufika, mlima hawakuuona, wale wakulima hawakuulizwa neno. Walitafuta jibu lisilomgharimu mtu aliye hai, wakalipata: kosa la rubani. Kwa neno hilo bima ikamfungia Mama Neema mlango, na patron akabaki msafi. Kwa neno hilo watoto wa Faustin waliambiwa shuleni kwamba papa yao aliua mtu. Mtu aliyedanganywa, akapewa ndege iliyokataliwa, ndiye mkosaji. Na aliyemdanganya alisimama kaburini kwa miwani nyeusi.

Papa yako hakulaumiwa na mtu yeyote, lakini yeye alijilaumu. Alisema ingekuwa heri angelala Kilambo usiku ule, chini ya bawa la ndege. Nilimwambia hilo si jambo la kubebwa na mtu mmoja. Nadhani ndipo alipolipata wazo, maana baada ya siku chache alinijibu: "Njo vile. Haiwezi kuwa ya muntu mumoja."

Akaanza kuwaita. Marubani waliokuwa wanaruka njia hii, saba pamoja naye, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja wakakaa kwenye depo yetu juu ya maboksi ya sabuni. Mimi nilipinga, na sikupinga kimya. Niliwaambia, "Ile sendika ya Kinshasa mumeiona. Na hii yenu mutaikula? Patron atawafukuza wote, halafu ni sisi wake zenu tutawalisha." Nilikuwa na sababu, na utaona kwamba mambo yalikuja kuwa vilevile nilivyosema. Lakini nilikosea kwa kudhani kwamba kwa kuwa woga wangu ulikuwa na akili, basi ulikuwa na haki.

Hawakuandika sheria nyingi. Hawakuchagua rais wala mweka hazina. Walikubaliana jambo moja: rubani akikataa ndege, awajulishe wenzake kabla hajafanya jambo lingine lolote, na hakuna atakayeichukua mpaka kasoro itengenezwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sendika ya papa yako. Ungeweza kuisema yote huku unafunga kamba za viatu.

Msimu wa mvua uliofuata ukaijaribu. Rubani mmoja, Komanda Bauma, alikuwa Kilambo na mzigo wa kupita kiasi. Mke wake alikuwa hospitali Goma akingojea kupasuliwa, na rotasion ile ilikuwa ya kulipia dawa. Bauma akakataa. Akapanda pikipiki mpaka hapa Walikale penye reso, akaingia dukani. Nilimpa chai. Papa yako, ambaye siku ile hakuwa na safari, akawapigia wengine mmoja mmoja. Mazungumzo yalikuwa mafupi: "Bauma amekataa ile ya Kilambo. Iko nzito. Umesikia? Asante."

Hatukungoja sana. Simu ya papa yako ikalia. Alikuwa patron mwenyewe. Akaiweka juu ya kaunta ili wote tusikie.

"Kambale, uko Walikale? Uende Kilambo urudishe ndege."

"Bauma iko wapi, patron?"

"Bauma iko na malaria. Hawezi hata kusimama."

Masika, nilimtazama Bauma. Alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, na hakunywa, na hakukishusha. Ulikuwa uongo uleule uliomuua Faustin, hata ugonjwa hawakujisumbua kuubadilisha. Ingekuwa heri patron angetafuta hata ugonjwa wa tumbo.

Papa yako akasema polepole, "Patron, Bauma iko hapa mbele yangu. Anakunywa chai ya bibi yangu. Hana homa."

Yakaja matusi, ambayo sitayaandika. Halafu akakata. Akawapigia wengine, tulijua kwa sababu kila mmoja alitupigia baada yake. "Amenipigia. Nimesema hapana." Mwingine: "Ameniahidi rotasion mbili. Nimesema hapana." Mwingine alikuwa na madeni mpaka shingoni, na yeye tulikuwa tunamwogopea. Alichelewa kupiga. Bauma alisimama mlangoni akitazama barabara, mkono kichwani. Hatimaye simu ikalia, na yule bwana hakusema hata salamu: "Musiniulize tena jambo kama hili, nitazeeka. Nimesema hapana."

Nililia, Masika. Mimi niliyewauliza kama wataikula sendika yao, nililia pale katikati ya chumvi na sukari.

Kesho yake mifuko ilitolewa. Bauma akairusha ndege, akafika, mke wake akapasuliwa, akapona. Msimu mzima ule hakuna ndege ya patron iliyozidishiwa mzigo Kilambo. Hakuna mtu aliyepewa medali, kwa sababu ndege isiyoanguka haina mazishi wala hotuba.

Sasa nikuambie sehemu inayonichoma. Baada ya msimu kuisha patron alifunga kampuni. Akasema imefilisika. Haukupita muda, ndege ileile aliyoikataa Bauma ikatua Kilambo na rangi mpya na jina jipya, mwenyewe ni shemeji yake kwenye karatasi. Marubani walitoka mbali, wasiojua lolote, wote wa rotasion, wote na kontra kama hii yako, na kile kipengele cha kukataza sendika ndani. Wale saba hawakuitwa hata mmoja. Na makampuni mengine nayo yakawa yameshasikia majina yao.

Papa yako aliwaandikia wale wa Kinshasa. Walimjibu kwa heshima kubwa kwamba mwajiri wake hayupo tena kisheria, kwa hiyo hakuna wa kushitakiwa. Ndege iko angani, wanaiona kwa macho, lakini mwajiri hayupo! Bauma sasa analima maharagi Masisi, siku ambazo vita vinamruhusu kufika shambani. Mwingine anauza vocha. Papa yako, mtu aliyeweza kushusha ndege kwenye barabara kati ya miti miwili wakati wa upepo, anapakia madumu Hombo. Watoto wa hapa bado wanamwita Komanda, na kila wakimwita anageuka.

Basi hicho ndicho sendika ilichompa, kama ulivyouliza. Ilimnyima kazi. Ilimpa pia msimu mmoja ambao hakuna aliyekufa. Na mimi nakataa kabisa mtu aniambie kwamba huo msimu ni kitu kidogo, na nakataa zaidi mtu aniambie kwamba ulipaswa kuwa kazi ya wanaume saba juu ya maboksi ya sabuni. Serikali ilikuwa wapi? Iliyofungua anga mbona haikubaki mlangoni? Wenye sendika ya suti walikuwa wapi? Wanasema rubani wa kujitegemea yuko huru kujadiliana na kampuni. Faustin alijadiliana na nani? Na mlima?

Najua mambo mengi ya kazi yako sitayaelewa kamwe. Najua pia kwamba huko Kisangani watakuambia wenzako ni washindani wako, kwamba aliyekataa safari amekuachia nafasi, ichukue haraka. Watakuambia wewe ni hodari, na hodari hahitaji kundi. Papa yako aliliamini hilo miaka mingi. Alidhani mikono yake mizuri inamtosha. Mikono ya Faustin ilikuwa mizuri pia.

Sikukatazi kutia sahihi. Una njaa ya kuruka, naiona, na ukikataa kontra kuna mwingine nyuma yako mwenye kalamu. Lakini kabla ya kutia, tafuta marubani wengine. Kula nao. Chukua namba zao, wape yako. Ikiwa kuna sendika, ingia hata kama ni kwa siri, na ukishaingia wasumbue: waulize wanafanya nini kwa mtu wa rotasion, na wakijibu kwa maneno laini waulize tena kwa sauti. Na ikiwa hakuna, hizo namba ndizo za kuanzia. Ukiitwa kurudisha ndege ya mtu mgonjwa, mpigie mgonjwa kwanza, umpe pole. Usikie mwenyewe kama anakohoa.

Na siku yako ya kukataa itafika. Usingoje nikupe ruhusa, na usifikirie lori la mjomba wako. Mjomba wako aliuza chuma, anaweza kununua chuma kingine. Wakikufukuza, panda pikipiki urudi Walikale. Ufike na vumbi lako na matusi yako yote. Nitachinja kuku, nitaita majirani, nitafunga duka hata kama ni siku ya soko, na wakiniuliza tunasherehekea nini, nitawaambia mwanangu amefukuzwa kazi.

Mama yako,
Kahindo